Unatumia vesheni gani? Jinsi ya kujua maktaba inayotembea kweli kwenye programu yako

Kuna swali ukiulizwa na mtu anayekusaidia kutafuta kosa utalijibu fasta halafu mtapoteza siku nzima nyote wawili: "unatumia vesheni gani?" Unafungua requirements.txt au package.json, yale mafaili yanayoorodhesha maktaba (msimbo wa watu wengine unaoutumia ndani ya programu yako), unasoma namba, unamtajia. Shida ni kwamba ile namba ni ya kile ulichoomba. Ulichopewa wakati wa kuinstoli kinaweza kuwa kingine, na kile ambacho programu imekibeba kwenye memori sasa hivi ikiwa hai kinaweza kuwa cha tatu kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka jambo moja tu, iulize programu yenyewe ikiwa inatembea, hayo mafaili mengine yaje baadaye kama mashahidi.

Nianze na yaliyonikuta. Nilikuwa na skripti ya Python inayojumlisha ripoti kila usiku, kwenye laptopu inafanya kazi vizuri, kwenye seva nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi vizuri, ikifika usiku cron (kile kinachoamsha kazi kwa ratiba kwenye Linux) ikiiamsha inakufa na hii:

AttributeError: 'DataFrame' object has no attribute 'append'

Sasa mtu yeyote aliyetumia pandas, maktaba ya kuchezea majedwali ya data, anajua append ya DataFrame iliondolewa kwenye toleo la 2.0. Na mimi nikajua. Nikaingia kwenye seva nikapiga pip show pandas (pip ndiyo inayoinstoli pakeji za Python), ikanijibu 1.5.3. Nikasema basi sio hilo. Nikapiga tena, 1.5.3. Nikaanza kutafuta mchawi kwenye data, nikabadilisha mafaili, nikafuta kashe, nikaongeza print kila mstari, masaa mawili yakaisha hivyo. Mwishoni kabisa, baada ya kuishiwa mawazo, nikaweka mstari huu juu ya skripti yenyewe na kuacha cron iiendeshe:

import sys, pandas
print(sys.executable, pandas.__version__, pandas.__file__)

Asubuhi kwenye logi nikakuta:

/usr/bin/python3 2.1.4 /usr/lib/python3/dist-packages/pandas/__init__.py

Basi. Mimi nikiingia kwa mkono natumia Python ya kwenye mazingira yangu niliyoyatengeneza, venv, kwa sababu PATH yangu, ile orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta amri, inaanzia huko. Cron haina habari na PATH yangu, yenyewe inaanza na PATH fupi sana, kwa hiyo "python3" kwake ni ile ya mfumo, yenye pandas yake tofauti. pip hakunidanganya, mimi ndio nilimuuliza mtu asiyehusika.

Angalia ule mstari una vitu vitatu: Python ipi, toleo lipi, na faili liko wapi. Ukiniambia nichague kimoja nitachukua cha mwisho, yaani __file__, kwa sababu ukishajua faili limetoka folda gani mengine yote unayapata mwenyewe.

Python kwa undani kidogo

Kwanza acha kupiga pip peke yake. Piga hivi:

python3 -m pip show requests

Hapo angalau unakuwa na uhakika pip ni ya Python hiyo hiyo unayoitaja. Ukitaka ya huduma fulani, chukua njia kamili ya Python inayotumika kwenye huduma hiyo, mfano /opt/programu/venv/bin/python -m pip show requests. Ni ndefu, lakini inakuokoa.

Ndani ya programu una njia mbili. Ya zamani ni requests.__version__, ambayo ni desturi tu ya waandishi, hakuna sheria, maktaba nyingine hazina kabisa na Flask kuanzia 3.0 wanakupa onyo ukiitumia. Ya kisasa ni hii, ipo ndani ya Python tangu 3.8:

from importlib.metadata import version
print(version("requests"))

Hii ni nzuri, lakini ina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni jina. Inataka jina la pakeji kama lilivyo kwenye PyPI, ghala la mtandaoni la pakeji za Python, sio jina unaloandika kwenye import, na haya mawili mara nyingi hayafanani: unaandika import cv2 lakini pakeji ni opencv-python, import PIL lakini ni Pillow, import yaml lakini ni PyYAML, import bs4 lakini ni beautifulsoup4. Ukiweka jina la import utapata PackageNotFoundError halafu utadhani maktaba haipo wakati ipo na inafanya kazi mbele ya macho yako.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. importlib.metadata inasoma folda la dist-info lililoandikwa wakati wa kuinstoli, haiangalii msimbo uliopakiwa. Kama uliinstoli kwa pip install -e halafu ukavuta mabadiliko mapya kwa git, msimbo umesonga mbele lakini lile folda bado linasema namba ya juzi. Ndio maana mimi nazitoa zote mbili pamoja, version() na __file__, zikigombana najua kuna jambo.

Halafu kuna aibu ambayo karibu kila mtu ameipata. Umetengeneza faili lako la majaribio ukaliita requests.py. Kuanzia hapo kila skripti ya folda hilo ikisema import requests inakuletea faili lako mwenyewe, halafu unaambiwa module 'requests' has no attribute 'get'. Unaapdeti maktaba mara tano, wapi. requests.__file__ itakuonyesha mara moja kwamba faili liko kwenye folda lako. Python 3.13 imeanza kudokeza hili kwenye ujumbe wenyewe wa kosa, lakini seva nyingi bado zina za zamani.

Maktaba za C, hapa ndio kuna utamu

Kwenye C una toleo la wakati wa kukompaili na toleo la wakati wa kuendesha, na waandishi wazuri wa maktaba wanakupa yote mawili. Ile ya herufi kubwa imetoka kwenye faili la header ikagandishwa ndani ya programu yako siku uliyoikompaili. Ile ya funksheni inajibiwa na maktaba yenyewe iliyopakiwa leo:

printf("%s %s\n", ZLIB_VERSION, zlibVersion());

SQLite nao wana SQLITE_VERSION na sqlite3_libversion(), OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, wana OPENSSL_VERSION_TEXT na OpenSSL_version(OPENSSL_VERSION), curl wana LIBCURL_VERSION na curl_version(). Ukiprinti zote mbili zikatofautiana sio lazima iwe kosa, ndivyo maktaba za kushirikiana zilivyokusudiwa, mfumo unaapdeti maktaba wewe hukompaili upya. Ila ukiwa unatafuta kosa, ya funksheni ndiyo ya kuamini.

Hata amri ya openssl inalijua hili. Kwenye mashine fulani openssl version inajibu:

OpenSSL 3.0.2 15 Mar 2022 (Library: OpenSSL 3.0.2 15 Mar 2022)

Ya kwanza ni ya ile amri yenyewe, ya kwenye mabano ni ya maktaba iliyoikuta ilipoamka. Zikitofautiana usishangae, angalia LD_LIBRARY_PATH yako, yaani folda ambamo maktaba zinatafutwa kwanza, huenda kuna programu fulani imekuwekea libcrypto yake (sehemu ya OpenSSL) mbele ya ile ya mfumo.

SQLite nitaigusa kidogo kwa sababu inawachanganya wengi. Unasoma kwamba RETURNING inafanya kazi kuanzia 3.35.0, unapiga sqlite3 --version kwenye terminali unaona 3.40, unaandika swali lako ndani ya Python linagoma na syntax error. Amri ya sqlite3 na maktaba iliyo ndani ya Python yako zinaweza kuwa kopi mbili ambazo hazijawahi kukutana. Uliza kupitia mlango huo huo unaotumia:

SELECT sqlite_version();

Ipige ndani ya programu yako, kupitia muunganisho ule ule. Kwenye Python kuna pia sqlite3.sqlite_version, ila usiichanganye na sqlite3.version, hiyo ya pili ilikuwa namba ya moduli ya Python tu, imewapotosha watu miaka mingi mpaka ikaondolewa kwenye 3.14.

Kama programu sio yako au huwezi kuigusa, bado kwenye Linux unaweza kuichungulia. Tafuta namba ya prosesi, tuseme ni 4127, kisha, kwa mfano wa libssl ambayo ni sehemu ya OpenSSL:

sudo grep libssl /proc/4127/maps

Utaona mistari yenye njia kamili ya faili ambalo prosesi imelipakia. Hapa sio nadharia tena, ndicho kilichopo kwenye memori. Na kuna neno moja la kulitafuta mwishoni mwa mstari:

/usr/lib/x86_64-linux-gnu/libssl.so.3 (deleted)

Hilo deleted maana yake wewe uliapdeti OpenSSL, faili jipya liko kwenye diski, dpkg, meneja wa pakeji wa Debian, anakuapia una toleo jipya, lakini prosesi hii iliamka kabla na bado imeshikilia faili la zamani ambalo kwenye diski halipo tena. Yaani tundu la usalama ulilodhani umeliziba bado liko wazi mpaka uiwashe upya hiyo huduma. Kuzisaka zote kwa mpigo:

sudo grep -l 'libssl.*(deleted)' /proc/[0-9]*/maps

Mara ya kwanza nilipoipiga hii kwenye seva niliyojivunia kwamba iko fresh, ilirudisha mistari kama kumi na kitu. Nilinyamaza kimya. Siku hizi kuna needrestart inayokukumbusha baada ya apt, iwashe na usiwe unabonyeza enter bila kusoma.

Ldd nayo inasaidia, ldd /usr/bin/curl inakuonyesha ni maktaba zipi zitachukuliwa, ila elewa inakwambia kitakachotokea ukiiendesha sasa na mazingira yako wewe, haikwambii prosesi iliyoamka wiki iliyopita imeshika nini. Na usiipige kwenye faili usiloliamini kwa sababu katika hali fulani inaweza kuliendesha hilo faili, tumia objdump -p programu | grep NEEDED badala yake. macOS una otool -L na vmmap, Windows una tasklist /m libcrypto* itakutajia prosesi zote zilizopakia DLL hiyo, kisha unaangalia sifa za faili.

Kama maktaba imeshonwa ndani ya programu moja kwa moja, ldd haitaiona. Go wamelirahisisha, go version -m ./programu inakumwagia orodha ya moduli zote na matoleo yake hata kama huna msimbo. Kwa C utabahatisha na strings programu | grep -i 'openssl [0-9]', mara nyingi inajibu.

Namba inaweza kuwa ya kweli na bado ikakupoteza

Mwezi wa nne 2014 ilipotoka habari ya Heartbleed, tangazo lilisema OpenSSL 1.0.1 mpaka 1.0.1f zina tundu, 1.0.1g ndio imetibiwa. Watu wa Debian wakaapdeti, wakapiga openssl version, wakaona 1.0.1e. Presha ikapanda. Kumbe Debian, kama zilivyo Red Hat na wenzao, hawapandishi toleo kwenye mfumo uliotulia, wanachukua lile tibabu tu wanalishonea kwenye toleo la zamani, namba ya mwandishi inabaki ile ile na kinachobadilika ni mkia wa pakeji, ule unaofuata baada ya kistari.

Kwa hiyo kwa maktaba iliyotoka kwenye mfumo usiulize maktaba peke yake, uliza na pakeji. Jua faili ni la nani kwa dpkg -S au rpm -qf, soma namba yote mpaka mkia, halafu soma orodha ya mabadiliko utafute CVE, yaani namba za utambulisho za matundu ya usalama: rpm -q --changelog openssl | grep CVE, au kwenye Debian zless /usr/share/doc/openssl/changelog.Debian.gz. Ukikutana na mtu ana skana ya usalama inayopiga kelele kwa kuangalia namba tu, mwonyeshe hiyo.

Na kuna siku ambapo kuiuliza programu yenyewe ndio kosa. Mwezi wa tatu 2024 ilipogundulika kwamba xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yamepandikizwa mlango wa nyuma, watu walishauriwa wasipige xz --version bali waulize meneja wa pakeji, kwa sababu kuendesha kitu unachokishuku ili kikwambie kama ni kibaya haileti maana. dpkg -l liblzma5 (ndiyo maktaba ya xz) inasoma tu kilichoandikwa, haigusi ile maktaba. Nimesema mwanzo uiulize programu, hapa ndipo usipoiuliza.

Node na brauza

Node shida yake ni wingi. Maktaba moja inaweza kuwepo mara nne kwenye node_modules, kila pakeji imekuja na ya kwake. npm ls lodash inakuchorea mti mzima uone nani kaleta ipi. Kujua wewe hasa unapewa ipi, simama kwenye folda la mradi na piga:

node -p "require.resolve('lodash')"
node -p "require('lodash/package.json').version"

Folda unalosimama lina maana hapa, Node inatafuta kuanzia hapo ikipanda juu, ukisimama kwingine unapata jibu lingine. Hiyo ya pili inaweza kugoma kwenye pakeji mpya zilizofunga milango kwa exports, ikigoma fungua tu faili la package.json kwa mkono ufuate ile njia uliyopewa na resolve. Dalili ya kuwa na kopi mbili ni mambo kama instanceof kukataa kitu ambacho unakiona wazi ni cha aina hiyo, au React kulalamika Invalid hook call wakati hook zako ziko sawa. Na kama unataka OpenSSL au V8 (injini ya JavaScript) iliyo ndani ya Node yenyewe, node -p process.versions, imemaliza.

Kwenye brauza fungua konsoli uandike jQuery.fn.jquery, au React.version, au _.VERSION, au angular.version.full kwa ile Angular ya zamani. Siku hizi mara nyingi utajibiwa not defined kwa sababu kila kitu kimefungwa kwenye faili moja kubwa na hakuna kilichoachwa nje. Basi nenda kwenye kichupo cha Sources, tafuta maoni ya leseni yanayoanza na /*!, mengi huachwa hata baada ya kubanwa na yana namba. Usisahau kashe, kabla hujasema seva inatoa toleo la zamani hakikisha sio brauza yako inayokulisha kiporo.

Java

Hapa swali sahihi ni "klasi hii imetoka kwenye jar ipi" (jar ni faili lililofungasha klasi za Java), mengine yanafuata:

System.out.println(Logger.class.getProtectionDomain().getCodeSource().getLocation());

Ukijua jar, ndani yake tafuta META-INF/MANIFEST.MF au pom.properties. getImplementationVersion() ipo lakini inarudisha null pale ambapo mwandishi hakujaza manifest, na wengi hawajazi. Mwezi wa kumi na mbili 2021 wakati wa Log4Shell, tundu la usalama la maktaba ya log4j, watu walipiga mvn dependency:tree wakaona safi, wakalala, kumbe kuna jar nyingine imemeza log4j-core ndani ya tumbo lake, mti wa Maven hauioni hiyo. Kuanzisha programu na -verbose:class kunakuonyesha kila klasi na ilikotoka, ni mvua ya maandishi lakini grep ipo.

.NET kwa kifupi tu: namba ya assembly na namba ya pakeji ni vitu viwili. Newtonsoft.Json itakwambia 13.0.0.0 hata kama umeweka 13.0.3, kwa hiyo soma toleo la faili.

Ukishaipata namba

Usizilinganishe kama maneno. "3.10" kwa mpangilio wa herufi inakuja kabla ya "3.9", na nimeona skripti ya watu wazima ikikataa toleo jipya kwa sababu hiyo hiyo. Python tumia Version kutoka packaging.version, kwenye shell kuna sort -V.

Na kama unachotaka ni kujua tu iwapo funksheni fulani ipo, huhitaji namba, iulizie yenyewe: if hasattr(df, "append"). Wale waliotia viraka vya nyuma watakupa namba ya zamani yenye uwezo mpya, hasattr haijali hilo.

Kingine ninachofanya siku hizi kwenye kila huduma, hata ndogo, ni kuandika matoleo kwenye logi inapoamka, kabla haijaanza kazi yoyote. Kwenye Python yangu iko hivi, iibe kama ilivyo:

import sys, ssl, sqlite3, logging
from importlib import import_module
from importlib.metadata import version
log = logging.getLogger("mwanzo")
log.info("python %s %s", sys.version.split()[0], sys.executable)
log.info("openssl %s, sqlite %s", ssl.OPENSSL_VERSION, sqlite3.sqlite_version)
for pakeji, moduli in [("pandas", "pandas"), ("PyYAML", "yaml")]:
    log.info("%s %s %s", pakeji, version(pakeji), import_module(moduli).__file__)

Hakikisha logi yako imeruhusu kiwango cha info, la sivyo hutaona kitu na utadhani mistari haifanyi kazi. Ongeza maktaba zako kwenye ile orodha, jina la pakeji kwanza na la import pili. Na kama huduma iko ndani ya kontena, soma logi ya kontena hilo, pip show unayopiga nje ya kontena inakusomea ya mashine mwenyeji na haihusiani kabisa.